Kabla hujaanza upya, jua kilichoua kuku wako

Banda langu la kwanza lilikuwa na vifaranga 200 vya kuku wa nyama. Wiki ya nne wakaanza kuzubaa, kukoroma na kuharisha kijani, kisha shingo zikapinda. Kideri, ugonjwa wa kuku unaoletwa na virusi, na kideri hakina tiba. Kila asubuhi nilichimba shimo la kufukia. Wiki ilipoisha nilibaki na kuku 11 na marejesho ya mkopo wa vikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa.

Majirani walinipa pole. Wengine walisema kuna mkono wa mtu, wengine wakanihimiza nisikate tamaa, nichukue vingine. Nawashukuru wote, lakini miezi miwili sikuweza hata kupita karibu na lile banda.

Kilichoniinua ni maswali ya bwana mifugo. Ulichanja? Nilichanja, siku ya 7 na ya 21. Chanjo uliibebaje? Kwenye mkoba, ndani ya daladala, jua la mchana, bila barafu. Ukachanganya na maji gani? Ya bomba. Akanieleza taratibu kwamba chanjo ile ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Joto huviua, na klorini ya maji ya bomba huviua pia. Kumbe niliwanywesha kuku maji matupu.

Iliniuma sana, ila usiku ule ndio wa kwanza nililala. Mkosi ningeufanya nini? Barafu naweza kuinunua.

Kwa hiyo wewe uliyeanguka, iwe kwenye mifugo, duka au mtihani, usihangaike kwanza kutafuta maneno ya kukutia moyo. Mtafute anayeijua kazi hiyo kuliko wewe, umsimulie siku kwa siku, na pale ulipozembea usipafiche. Anayekudai mfuate mwenyewe kabla hajakutafuta. Mimi na kikundi changu tulipanga nilipe kidogokidogo, na heshima ikabaki.

Halafu rudi na kidogo. Nilirudi na vifaranga 30 kwa fedha ya kuuza maandazi, si ya mkopo, maana hofu ya marejesho ingenifanya niharakishe tena. Chanjo niliibeba kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu, nikatumia maji ya kisima, nikawanyima maji saa moja kwanza ili waje na kiu.

Wiki ya nne ilipofika nilikuwa naamka usiku na tochi, nasimama mlangoni kusikiliza kama kuna anayekoroma. Wote 30 walikuwa wamelala kwenye maranda, kimya.