Pweza wako ni wa mwenzako: Yaliyonifunza kuhusu hewa ya akiba

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Nilisikia "pa!" nyuma ya shingo, kama mtu amepasua puto ndani ya ndoo, halafu kelele ya mapovu ikafunika kila kitu. Nilikuwa mita 22 chini ya maji, mtungi una ba 110 za presha, na rejuleta (kile kifaa kinachoishusha presha ya mtungi ili hewa ipumulike) niliyoipumua kwa miaka minne bila hata kikohozi. Nikageuza shingo nione kulikoni, nikaona ukuta mweupe wa mapovu. Nikatazama geji ya presha ya mtungi. Sindano ilikuwa inashuka huku naiangalia.

Mwenzangu alikuwa mita kama nane mbele, amemwinamia samaki na kamera yake. Nchi kavu mita nane ni hatua chache tu. Kule chini, na mtungi mgongoni na moyo unaopiga ngoma, ni safari. Nilimfikia bado napata hewa, ila kila pumzi ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia. Nikapitisha kiganja shingoni, ishara ya kwamba sina hewa. Alielewa papo hapo, namshukuru kwa hilo. Kilichokosekana ni oktopasi yake, ile rejuleta ya pili yenye mpira wa manjano ambayo wengi wetu huiita pweza. Alikuwa ameisokomeza mfukoni mwa jaketi la hewa, lile tunalolijaza ili kuelea, ili isiburuzike mchangani. Tukaitafuta wote wawili, mikono minne ndani ya mfuko mmoja. Ilipochomoka nikaitia mdomoni kichwa chini miguu juu, nikavuta nusu hewa nusu maji. Nikakohoa humohumo ndani ya rejuleta (inawezekana, usiogope), nikaigeuza, nikabonyeza kitufe cha kupuliza maji, nikapumua.

Tulipanda tumeshikana mikanda. Geji yake ilisoma 80 tulipoanza kupanda. Tulipotoa vichwa nje ilisoma 30, na kile kituo cha dakika tatu kwenye mita tano, cha kuupa mwili nafasi ya kutoa naitrojeni, tulikiruka. Hatukukiruka kwa kupenda.

Kilichopasuka ni mpira wa presha ndogo, ule unaopeleka hewa mdomoni. Ulikatika pale unapoingia kwenye chuma cha rejuleta, chini kabisa ya kava la plastiki ambalo nilikuwa nimelivisha mwenyewe ili kuulinda usikunjike. Kava lilifanya kazi yake, na likafanya na nyingine ambayo sikuituma: liliuficha ufa. Nilipolivuta nyuma jioni ile, raba ilikuwa na nyufa pande zote kama ngozi ya kisigino. Siku hizi, kabla ya kila safari navuta makava yote nyuma na kuikunja kila mpira kwa vidole. Ni kazi ya nusu dakika.

Wasiozamia huniuliza kama niliogopa hewa itakatika ghafla. Kwa kawaida haiendi hivyo, na ni vizuri kujua kwa nini. Hewa ndani ya mtungi uliojaa iko kwenye presha ya takriban ba 200. Rejuleta huishusha kwa hatua mbili: ile sehemu inayofungwa kwenye koki ya mtungi huishusha hadi ba 9 au 10 hivi juu ya presha ya maji yanayokuzunguka, kisha ile ya mdomoni huimalizia ili uvute kwa urahisi. Vali ya mdomoni imepangwa hivi kwamba ikichakaa, ikiingia mchanga au ikiganda barafu kwenye maji ya baridi sana, hubaki wazi. Kwa hiyo badala ya kukunyima hewa, inakumwagia. Unaweza kuendelea kuvuta kutoka kwenye mmwagiko huo kwa kuachia midomo kidogo pembeni ili ziada itoke. Kitu kinachokwisha ni muda, na kazi yako yote kuanzia pale ni kuhesabu muda huo vizuri.

Mapovu yenyewe hukuambia una muda kiasi gani, ukijua yanatoka wapi. Mpira wa geji hubeba presha ile kubwa ya mtungi, na ukipasuka unatisha kwa kelele, lakini tundu linaloupa hewa ni dogo kama la sindano, kwa hiyo mtungi unashuka polepole. Mpira wa mdomoni au wa jaketi una presha ndogo lakini njia pana, na ukikatika unaweza kuumaliza mtungi katika dakika moja mbili, hasa ukiwa kina kirefu. Binadamu huogopa ule wa kwanza na kuudharau wa pili. Na oringi, ile pete ya raba ya kuziba uvujaji, ikichomoka kati ya koki na rejuleta ni hatari ya namna hiyohiyo: kelele nyingi, hewa inakwenda kweli.

Kuna hitilafu ndogo ambazo hazina sifa lakini zimewatoa watu jasho. Kibano cha plastiki kinachoshika kipande cha mdomoni hukatika, unabaki umeng'ata raba huku rejuleta inaelea pembeni, na unachovuta ni maji matupu. Utando wa vali ya kutolea pumzi hujikunja, kila pumzi inakuja na kijiko cha chumvi. Kitufe cha kujaza jaketi hunasa na kukuvuta juu kama kizibo. Hapo chomoa mpira wake kwanza, mengine baadaye. Sindano ya geji nayo hukwama ikakuambia una 70 wakati una 30, ndiyo maana geji isiyosogea kwa dakika kumi hainifurahishi hata kidogo.

Kipimo kimoja cha juu ya boti nakisisitiza kuliko vyote: vuta pumzi tatu nne nzito huku macho yako yako kwenye geji. Sindano ikishuka unapovuta na kurudi unapoacha, koki haijafunguliwa vizuri. Juu ya maji utapumua bila shida, ila ukifika mita 20 hewa inahitajika mara tatu na njia iliyofunguka nusu haitoshi. Zamani tulifundishwa kufungua koki hadi mwisho kisha kurudisha robo. Mazoea hayo siyapendi. Siku msaidizi mwenye nia njema atakapoichanganya akafunga yote na kufungua robo, hutajua mpaka uko chini. Fungua yote, basi.

Sasa nirudi kwa pweza. Kwa miaka nilijiona nina hewa ya akiba kwa sababu nilikuwa na rejuleta mbili. Ukitazama vizuri, zote mbili zimechomekwa kwenye kichwa kimoja, kwenye koki moja, kwenye mtungi mmoja. Mpira wangu ulipopasuka, pweza wangu alikuwa anakufa pamoja na mimi. Huyo si wangu. Nimembeba kwa ajili ya mwenzangu, na wa kwangu amembeba yeye. Ukishaliona hivyo, mambo mawili yanabadilika mara moja. Kwanza, umbali: mwenzako akiwa mbali kiasi kwamba huwezi kumfikia kwa pumzi moja, huna akiba. Pili, unaanza kukagua vyombo vyake kama unavyokagua vyako, kwa sababu sehemu ya vyombo hivyo ni vyako. Mimi sasa navuta pumzi mbili kutoka kwenye pweza ya mwenzangu kabla hatujaruka majini. Wengine huniona msumbufu.

Waliotutangulia hawakuwa hata na hiyo. Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walipounda rejuleta yao Ufaransa mwaka 1943, mzamiaji alikuwa na kipande kimoja cha mdomoni. Mwenzake akiishiwa, walipokezana: pumzi mbili wewe, pumzi mbili mimi, hadi juu. Kwenye bwawa la mazoezi inawezekana. Kwa mtu aliyekwisha kukosa pumzi mbili, mwenye macho makubwa nyuma ya kioo, sitaki kuijaribu. Mfa maji haachi kutapatapa, na mara nyingi anachokwapua ni rejuleta iliyo mdomoni mwako, maana ndiyo anayoona inatoa hewa. Wazamiaji wa mapangoni waliukubali ukweli huo wakaupangia: wanatoa ile ya mdomoni yenye mpira mrefu wa mita mbili hivi, halafu wao wanachukua ya akiba inayoning'inia chini ya kidevu kwa kamba ya raba. Nami nimehamia huko. Angalau najua kwamba ninayompa mtu inafanya kazi, kwa kuwa sekunde moja iliyopita nilikuwa naipumua mimi.

Ukibaki na pweza wa kawaida, mweke kifuani, kati ya kidevu na mbavu za chini, kwenye kishikizo kinachoachia kwa mvuto mmoja. Si mfukoni. Tafadhali.

Halafu kuna hesabu, na hapa nitakuchosha kidogo. Karibu kila mtu ameambiwa arudi juu na ba 50. Swali ni moja: hizo 50 zinatosha nini? Chukua mtungi wa lita 12. Ba 50 mara 12 ni lita 600 za hewa ya juu ya maji. Mko wawili kwenye mita 30, mwenzako ameishiwa. Kila mmoja, kwa hofu, anavuta labda lita 30 kwa dakika, jumla 60. Kwenye mita 30 presha ni ba 4, kwa hiyo dakika moja ya kushikana, kupeana rejuleta na kutulia inakula lita 240. Kupanda mita 30 kwa mwendo wa mita tisa kwa dakika ni dakika tatu na kitu, kwa presha ya wastani wa 2.5: karibu lita 500. Ongeza dakika tatu kwenye mita tano, lita 270. Jumla imepita lita 1,000, yaani ba 84 hivi za mtungi ule. Wewe una 50. Kwa hiyo kwenye mita 30 mimi hugeuka nikiwa na 90, na mwenzangu akilalamika kwamba tumekatisha starehe namwonyesha hesabu hii kwenye karatasi. Kwenye mita 12 namba inashuka sana, na hapo sina ugomvi na 50.

Baada ya tukio lile nilinunua mtungi mdogo wa pembeni wa lita tatu wenye rejuleta yake yenyewe. Ukijazwa ba 200 una lita 600. Kwa mtu mmoja, hesabu ya hapo juu inagawanywa kwa mbili, kama lita 505, kwa hiyo unanitoa mita 30 na kituo nakifanya. Kuna vichupa vingine vidogo kabisa vinavyokaa kwenye mkoba, vya lita 85 au chini ya hapo za hewa. Vinauzwa kwa maneno matamu. Kwenye mita 30, mtu aliyeshtuka anakimaliza kwa chini ya dakika moja. Kwenye mita 10 kinaweza kukusaidia kweli, lakini anayekibeba mita 30 akijiona amejikinga amenunua utulivu wa moyo tu.

Mtungi mdogo una makosa yake. Watu wameruka majini na rejuleta yake mdomoni wakidhani ni ile kubwa, wakaimaliza akiba bila kujua kisha wakashangaa. Ya kwangu nimeifunga kipande cha mdomoni cha rangi tofauti, chenye umbo ambalo ulimi wangu unalitambua gizani. Koki naiacha wazi. Wapo wanaoifunga wakihofia uvujaji, na hoja yao ninaielewa, ila mimi nikitapatapa sitaki kutafuta koki. Geji yake naisoma kila mara kabla ya kushuka, na kila mzamo, nikiwa kwenye mita tano, navuta pumzi mbili kutoka kwake.

Yote yakishindikana, bado njia ipo: kuogelea juu huku unatoa pumzi mfululizo, unasema "aaa" ndani ya rejuleta, bila kuitema. Hewa ya mapafuni kutoka mita 10 hadi juu inapanuka mara mbili; ukibana pumzi, mapafu yanaweza kuchanika na hewa kuingia kwenye damu. Na kadiri unavyopanda, mtungi uliodhani umekwisha huweza kukupa pumzi moja mbili zaidi, kwa sababu presha ya nje imepungua. Ndiyo maana huitemi.

Jambo la mwisho kuhusu fundi. Peleka rejuleta kwenye matengenezo kwa muda uliopangwa na aliyeiunda, lakini usiipeleke mita 30 siku inayofuata. Kitu kilichofunguliwa na kufungwa upya kina nafasi nzuri ya kuwa na skrubu iliyolegea. Mzamo wa kwanza baada ya fundi naufanya kwenye mita sita, mahali ninapoweza kusimama dakika chache tu baadaye, na mwenzangu yuko karibu kiasi cha kumshika mkono. Kamera yake siku hizi inaning'inia kwa kamba fupi, na pweza yuko kifuani.