Mpira Ukiangukia Jangwani

SWALI: Novemba nakwenda Dubai kucheza gofu na wenzangu kwenye uwanja uliozungukwa na jangwa. Mpira ukitoka nje ya nyasi, niupige palepale mchangani au nikubali adhabu? Na mazoezi nifanyie wapi huku kwetu?
Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Kwanza soma kadi ya alama, ndugu yetu. Viwanja vingine huzungushia jangwa vigingi vyekundu, na hapo unaweza kuutoa mpira kwa mkwaju mmoja wa adhabu, yaani pigo moja la kuongezwa kwenye hesabu yako. Pasipo na vigingi, kumbuka kwamba jangwa si banka, lile shimo la mchanga lililotengenezwa uwanjani: ruksa kulaza fimbo kidogo nyuma ya mpira, ilimradi usikandamize mchanga. Kijiwe kilicholegea unaweza kukiondoa, mpira usitikisike. Mchanga wenyewe usiupanguse.

Mpira ukikaa pasafi, upige, lakini si kwa pigo la bankani. Kule fimbo huzama mchangani sentimita chache nyuma ya mpira. Jangwani chini ni kugumu: fimbo ya mchanga, yenye kitako (sehemu ya chini ya kichwa cha fimbo) kinene, inadunda, makali yake yanaukuta mpira katikati, nao unakwenda chinichini hadi ng'ambo ya grini, yaani nyasi fupi zenye shimo. Chukua fimbo yenye kitako chembamba, sogeza mpira nyuma kidogo ya katikati ya miguu, egemea mguu wa mbele, uguse mpira kwanza. Lengo ni kurudi kwenye nyasi tu. Tamaa ya grini ndiyo inayoharibu kadi.

Mpira ukiwa kwenye miiba, au jiwe limezikwa karibu, usijaribu: utavunja fimbo au kuumiza kifundo cha mkono. Tangaza mpira hauchezeki, mkwaju mmoja wa adhabu, uudondoshe kutoka usawa wa goti ndani ya urefu wa fimbo mbili, bila kulisogelea shimo. Pima kabla ya kuuokota, maana mara nyingi fimbo mbili hazikutoi vichakani. Hapo heri urudi ulikopigia. Adhabu ni ileile. Kutafuta mpira ni dakika 3 tu, kwa hiyo ukihofia umepotea, piga wa akiba kabla ya kuondoka.

Mazoezi fanyia ufukweni hapo Shangani maji yakitoka. Mchanga ulioshikana unakaribiana na ardhi ya jangwa. Ule mkavu wa juu utakufaa kwa banka. Chora mstari, weka mpira juu yake, piga, kisha tazama kovu la fimbo: likianzia nyuma ya mstari, bado. Pigia upande usio na watu, kwani maji yakitoka ndipo waokota kome na wavua pweza wanapotapakaa.