Kwa mnaoanza kutengeneza programu za barua pepe

Karibuni wadogo zangu. Wengi mnaokuja kufanya kazi nasi hapa Kampala hudhani ugumu ni kuunganisha simu na seva. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Kazi kubwa ni kuunganisha tena, maana bando huisha, umeme huzimika, na abiria wa basi la Arua hufuta barua zake mahali pasipo mtandao hata kidogo.

Kwanza, ulizeni mteja anatumia POP3 au IMAP, njia mbili za kuchukua barua kwenye seva: POP3 huzishusha kwenye kifaa, IMAP huziacha kwenye seva ili kila kifaa kizione. Mhasibu akiwa na kompyuta ya POP3 inayoshusha barua na kuzifuta kwenye seva, simu ya bosi itaonyesha sanduku tupu, na lawama mtabeba ninyi.

Seva ya IMAP huipa kila barua namba mbili. Namba ya nafasi ni kama foleni ya benki: wa tatu akiondoka, wa nne anakuwa wa tatu papo hapo. Kwa hiyo seva ikituma "3 EXPUNGE" (yaani barua ya 3 imeondolewa) mara tatu mfululizo, zimeondoka zilizokuwa ya 3, ya 4 na ya 5. Namba hiyo msiihifadhi. Hifadhini ile ya pili, UID, yaani kitambulisho cha barua, ambayo huongezeka tu na haipewi barua nyingine, lakini ihifadhiwe pamoja na UIDVALIDITY ya folda, namba inayoonyesha kama UID za folda hiyo bado ni zilezile. Ofisi ikihamia seva mpya, UIDVALIDITY kwa kawaida hubadilika, na hapo kumbukumbu yote ya folda hiyo kwenye simu ni ya kutupwa na kushushwa upya. Ndiyo sababu nasisitiza mshushe vichwa vya barua kwanza, na viambatisho mtu akivifungua tu. Data ni pesa ya mteja.

Mkiomba barua mpya, kuna mtego mdogo. UID ya mwisho mnayoijua ikiwa 500, mtaomba 501:*. Kama hakuna barua mpya, seva itawarudishia ile ya 500, kwa sababu nyota ni barua ya mwisho iliyopo, hata kama namba yake ni ndogo. Ichujeni, la sivyo simu italia "barua mpya" usiku kucha.

Barua mpya ni rahisi. Kinachosumbua ni za zamani zilizosomwa au kufutwa kwenye kifaa kingine. Seva ikiwa na IMAP ya kawaida bila nyongeza yoyote, itabidi muulize alama (imesomwa, imewekwa nyota na kadhalika) za folda nzima. Seva yenye nyongeza ya CONDSTORE huwapa namba ya mabadiliko, mkaomba yaliyotokea baada yake tu; nyongeza ya QRESYNC huongeza orodha ya zilizofutwa. Zote mbili zimeelezwa katika RFC 7162 ya mwaka 2014, moja ya hati za viwango vya mtandao. Dovecot, programu ya seva ya barua, inazo zote, Gmail ina CONDSTORE bila QRESYNC, kwa hiyo someni CAPABILITY, orodha ya uwezo wa seva, kabla ya kuamua.

IDLE, amri ya kukaa mkisubiri seva iwaarifu mabadiliko, nayo husifiwa kupita kiasi. Inaangalia folda moja tu, ile iliyofunguliwa. RFC 2177 inashauri kuianzisha upya kabla ya dakika 29 kupita, lakini mitandao ya simu inaweza kuua muunganisho uliokaa kimya mapema zaidi, bila kumwambia yeyote. Fupisheni muda huo, na kila mnaporudi hewani fanyeni ukaguzi kamili, msisubiri seva iwaamshe.

Yule abiria wa Arua akipata mtandao, hakikisheni UIDVALIDITY ni ileile, tumeni kwanza aliyoyafanya njiani, ndipo mvute ya seva. Kubadili alama tumieni +FLAGS (kuongeza) na -FLAGS (kuondoa). Mkituma FLAGS bila + wala - mtaandika upya orodha nzima ya alama, na nyota aliyoweka katibu wake kwenye kompyuta ya ofisini itapotea.

Kabla ya kuniletea kazi, chukueni simu mbili zenye akaunti moja. Zimeni data ya moja, futeni na kusoma ovyo kwenye nyingine, kisha iwasheni ile ya kwanza mwone zinapatana baada ya muda gani.