Jibu: Betri mpya ya lithiamu, inveta inazima friji ikianza

Habari ndugu, pole na giza.

Nimekuelewa hivi: umetoa betri ya asidi, ukaweka ya lithiamu ya 12V 100Ah, na sasa usiku friji ikianza kuunguruma inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia vyombo vya nyumbani) inazima, ilhali kioo chake kinaonyesha chaji asilimia 60.

Kabla hujairudisha betri dukani, fungua menyu ya inveta uone aina ya betri iliyochaguliwa. Ikiwa bado ni asidi, hiyo asilimia usiiamini. Inveta inakisia kwa volti, na lithiamu hukaa karibu na volti 13 kwa muda mrefu, kisha hushuka ghafla ikikaribia kuisha. Chagua lithiamu kwenye menyu, na ile chaji ya kusawazisha izime kabisa, maana ni ya betri za asidi.

Sasa friji. Mota yake ikianza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida. Chukua mita, pima volti kwenye vichwa vya betri, kisha pale waya unapoingia kwenye inveta, friji ikiwa inaanza. Betri ikisoma 13 na inveta 11, betri haina kosa: waya ni mwembamba au nati imelegea. Mimi nafunga sola, na hapo ndipo ninapokuta tatizo mara nyingi.

Volti za betri yenyewe zikishuka hadi sifuri, saketi yake ya ulinzi imekata. Soma lebo: ikiruhusu ampea 100 tu, hiyo ni kama wati 1,280, hata inveta ikiwa ya 3,000.

Tuma picha ya lebo zote mbili, ya betri na ya inveta.