Maswali yenu ya muvi: "Monsters" inatisha au inachosha?

SWALI: Shikamoo kaka. Kuna mtu kaniambia niangalie Monsters ya 2010, ni ya viumbe wa anga za mbali na inatisha balaa. Nimekaa saa nzima na nusu nasubiri hayo madude, nimekuja kuyaona vizuri dakika za mwisho kabisa! Watu wanaisifia nini? – Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Aliyekuambia inatisha balaa ndo kakuharibia, maana ukikaa unasubiri dude likurupuke likimbize watu utachoka kweli. Chombo cha NASA kilichoenda kutafuta uhai kimeanguka Meksiko, viumbe wa ajabu wakaanza kutokea huko, miaka 6 baadaye nusu ya nchi imefungwa, halafu mpiga picha anaitwa Kaulder anapewa kazi ya kumrudisha Sam, binti wa bosi wake, nyumbani Marekani. Stori ndo hiyo tu.

Mimi naipenda sana hii muvi na sababu ni hii. Dairekta, Gareth Edwards wa Uingereza, alikuwa na bajeti isiyofika dola 500,000, timu yake ilikuwa inaenea kwenye gari moja, stori kaandika yeye, kamera kashika yeye, halafu akarudi nyumbani akakaa na kompyuta akatengeneza mwenyewe efekti kama 250. Waigizaji wakubwa ni wawili tu, Scoot McNairy na Whitney Able, wengi waliobaki ni watu waliokutwa hukohuko walikopita. Sasa angalia pale mtoni usiku, wako kwenye boti, ndege ya kivita iliyoanguka imetokeza majini, mara kitu kinaivuta taratibu inazama, hujaona mwili wala kichwa, lakini boti ile unaiona imekuwa ndogo ghafla. Hapo mimi nilishika kiti. Na zile nyumba zilizobomoka upande wa Marekani hakujenga mtu, wamepiga picha Texas, Galveston, sehemu iliyopigwa na kimbunga Ike mwaka 2008.

Ila kasoro zipo tena zinaniuma, kwa sababu hazikuletwa na kukosa hela. Hakukuwa na skripti kamili, maneno mengi waigizaji wamejitungia papo hapo, ndo maana kuna mahali wale wawili wanaongea mpaka unajiuliza hawa wanapendana kwa lipi. Kaulder analewa, analala na mwanamke asiyemjua, asubuhi pasipoti hazipo, yaani safari nzima ya hatari inasimama juu ya uzembe wa usiku mmoja! Na wale wenyeji wenye bunduki wanaowavusha porini wanakufa usiku kwenye msafara, hujui jina la hata mmoja. Kuwapa jina na sentensi mbili za kuongea ingegharimu shilingi ngapi?

SWALI: Kaka habari za kazi, sisi ni vijana watano Morogoro, tuna kamera moja na tunataka kupiga muvi fupi ya viumbe wa anga. Tuanzie wapi? – Msomaji, Kihonda

JIBU: Nzuri sana wadogo zangu. Anzeni na daftari. Andikeni mazungumzo, yasomeni kwa sauti, mtu akiboreka futeni. Dude lenu liacheni gizani, mtu aone mti unatikisika na mbwa kanyamaza, hela mliyonayo ndogo iwekeni kwenye maiki nzuri.

SWALI: Kaka, mwisho wa hiyo Monsters sijauelewa kabisa. Niliiangalia kibandani, ya kutafsiriwa. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu yangu, hapo wala si kosa lako! Wale wanaotafsiri nawaheshimu, wamewaletea watu wengi sinema, ila muvi hii inakutisha kupitia masikio, mlio wa mbali, ukimya, redio, sasa sauti ya mtafsiri ikipanda juu yake mwanzo mwisho unabaki na picha tu. (Kama hujaiona usisome mbele.) Mwishoni pale kituo cha mafuta madude mawili yanakutana, yanashikana mikono yao mirefu kama ya pweza, taratibu, yanawaka mwanga kwa ndani, na Kaulder na Sam wamesimama wanaangalia, halafu wanabusiana, wanajeshi wanafika kuwachukua, muvi inakata. Unabaki unauliza wakafika salama? Sasa rudi mwanzo, ile sehemu ya kamera ya usiku ya wanajeshi inayopita haraka, yuko mmoja anaimbaimba wimbo bila maneno, wanashambuliwa, halafu unamwona mwanaume kambeba mwanamke anaomba msaada. Kile kipande cha mwanzo kimetokea baada ya ule mwisho. Tafuta kopi isiyotafsiriwa, vaa hedifoni, msikilize yule mwanajeshi, halafu nenda dakika za mwisho usikie nani anaimba wimbo uleule.