Namba ya mgeni inajirudia, shida ni time()

Swali: Mtaalamu habari, nina skripti ya PHP inampa kila mgeni namba yake kwenye kuki. Nachukua IP naunga na time() halafu napitisha kwenye md5, ile inayogeuza maandishi kuwa msimbo. Juzi nimekuta watu wawili tofauti wana namba moja, na bado jumla ya wageni iko juu mno. Nakosea wapi?

Jibu: Salama ndugu. md5 usiilaumu, tatizo ni ulichoilisha. time() inahesabu sekunde nzima nzima, na watu wa bando za simu mtandao mara nyingi unawatoa nje wengi kwa IP moja, sasa wawili wakifungua sekunde ileile umeilisha md5 kitu kilekile na yenyewe inakurudishia kilekile. Utaambiwa tumia uniqid(), nayo ni saa tu iliyokatwa vipande vidogo zaidi, mjanja anaweza kuibahatisha.

Weka bin2hex(random_bytes(16)), yaani baiti 16 za bahati nasibu zilizoandikwa kwa herufi, ipo tangu PHP 7, unapata herufi 32 na kugongana sahau kabisa.

Jumla kuwa juu hiyo nahisi unatoa namba mpya kila ukurasa. Angalia kwanza isset($_COOKIE['mgeni']), na ukiikuta usiiamini kichwakichwa, kuki inakaa kwenye brauza yake anaweza kuandika chochote humo, hakikisha ni herufi 32 za 0-9 na a-f ndo uipeleke kwenye databesi. Halafu setcookie() ikae juu kabla ya echo yoyote. Mimi nafasi moja tupu kabla ya <?php ilinikesha usiku mzima, heda (taarifa zinazotangulia ukurasa, kuki inasafiri humo) zilishaondoka, kuki haiendi, kila kliki mgeni mpya! Na ukishaituma usitegemee kuiona kwenye $_COOKIE palepale, inarudi kwenye ombi linalofuata, kwa hiyo ishike kwenye variabo.

Usiitengeneze kwa JavaScript, Safari inaifuta baada ya siku 7. Iweke kwa seva, httponly (JavaScript isiisome) na secure (isafiri kwa HTTPS tu) ziwashe, muda mwaka mmoja unatosha maana Chrome haivuki siku 400. Roboti nyingi hazitunzi kuki kabisa, hizo zichuje pembeni.

Kingine, md5 nayo inatoa herufi 32 hizohizo, namba zako za zamani zitapita kwenye ukaguzi kama kawaida, kwa hiyo badilisha na jina la kuki, iite mgeni2.