Nauli ya kumrudisha unayo, ya kumpeleka hukuwa nayo?

Bi Somo, shikamoo. Kwetu ni Pangani, lakini naishi Chicago tangu 2004. Nilikuja sijui mtu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia ghala usiku, na wenzangu wa pale ndio walionipeleka kuangalia besiboli, timu ya White Sox ya upande wa kusini wa jiji. Mwaka uliofuata, 2005, ikachukua ubingwa ambao haikuupata tangu 1917. Nililia kama mtoto. Tangu siku ile ni timu yangu.

Msimu wa 2024 tulipoteza mechi 121. Haijawahi kutokea katika besiboli ya zama hizi. Mwaka 2025 tukapoteza 102. Mwenye timu, mzee Jerry Reinsdorf, hauzi wala hatoi pesa. Tarehe 24 Septemba 2024 nilikuwepo uwanjani tukipiga kelele auze timu, japo binti yangu alikuwa na jambo lake shuleni jioni ile. Silali, Bi Somo. Na badala ya kunifariji, mke wangu amenigeuka. Anaficha rimoti. Zamani tulikwenda uwanjani pamoja, sasa hataki hata kusikia. Kila siku saa kumi na mbili jioni akitoka kazini anajifungia na simu, anaongea na dada yake aliyeko Muheza. Nilipolipia tiketi za msimu wa 2026 kwa pesa kidogo zilizokuwa zimewekwa za nauli, alilia kama kafiwa, wakati safari yenyewe haikuwa hata na tarehe. Nafikiria kumrudisha kwao akapumzike. Nifanyeje?

Mshabiki Mwenye Uchungu, Chicago

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ilikuwa kurasa nne, hapa nimechapa kipande tu. Katika kurasa hizo nne, tatu na nusu ni za timu. Umenitajia wachezaji tisa kwa majina yao kamili. Mkeo umemtaja mara sita, na mara zote sita ni "mke wangu". Jina lake sikulipata mahali popote. Niliisoma mara mbili nikilitafuta.

Kwanza nikupe pole, kwa sababu uchungu wako ni wa kweli. Mimi besiboli siijui, nikamwita mtoto wa kaka yangu aliyesoma huko Illinois, akakaa nami jioni nzima akinieleza. Kwetu hapa timu ikifungwa sana inashuka daraja, na aibu ile inawafikia viongozi mpaka milangoni kwao. Huko hakuna kushuka. Timu inapoteza mechi 121 kati ya 162, na mwaka unaofuata iko palepale, kwenye ligi ileile, ikipokea fungu lake la pesa za televisheni kama wenzake. Kijana akaniambia mzee huyo na wenzake waliinunua timu mwaka 1981. Akaniambia mwaka 1988 alitishia kuihamishia Florida, wabunge wa Illinois wakaisimamisha saa ya ukutani isifike usiku wa manane ili wapitishe sheria ya kumjengea uwanja. Uwanja ukajengwa kwa pesa za umma, ukafunguliwa 1991. Sasa anataka mwingine, na anataka umma uchangie tena. Na mpaka msimu ule wa vipigo 121, mkataba mkubwa kuliko yote aliowahi kumpa mchezaji wa timu hiyo ulikuwa wa dola milioni 75, katika jiji kubwa kama Chicago, wakati wenzake wanatoa mamia ya milioni.

Kwa hayo una haki ya kukasirika. Hata Papa Leo wa 14, mzaliwa wa huko kwenu, ni mshabiki wa timu hiyo, na mwaka 2005 alikuwa uwanjani kwenye mechi ya kwanza ya fainali. Kwa hiyo usidhani nakudharau kwa kupenda timu. Mtu aliyefika ugenini peke yake, akapata watu wa kushangilia nao, hasahau. Naelewa.

Pole imeishia hapo.

Umesema mkeo anaongea na dada yake saa kumi na mbili jioni. Chicago na Tanga, majira haya ya baridi yenu, mnapishana saa tisa. Jioni yako saa kumi na mbili, huku Muheza ni saa tisa ya usiku. Je, ulishawahi kuhesabu? Dada wa mtu anaamka saa tisa ya usiku, giza totoro, kila siku, kuongea na mdogo wake. Hakuna anayeamka saa ile kupiga soga. Saa tisa ya usiku yuko macho mtu anayeuguza. Anageuza mgonjwa, anampa dawa, anamfuta jasho, na simu ikilia anaipokea kwa sababu tayari hajalala. Mwanangu, katika nyumba ile ya Muheza kuna mtu amelala kitandani, na mimi nina hakika kubwa kwamba ni mama mkwe wako au baba mkwe wako. Mkeo anajua. Nauli ile ilikuwa ya kwenda kumwona akiwa hai. Haikuwa na tarehe kwa sababu ugonjwa hauna tarehe. Ndiyo maana alilia kama kafiwa. Analilia mtu ambaye bado yupo, na ambaye huenda asimkute.

Wewe ukanunua tiketi.

Na unaziita "pesa kidogo zilizokuwa zimewekwa". Zimewekwa na nani? Zingekuwa umeziweka wewe, ungeandika "nilizoweka". Mwanamume hasahau pesa yake. Nasema ziliwekwa na mkeo, labda zote, labda nyingi, kutoka kwenye mshahara wa ile kazi anayotoka saa kumi na mbili jioni.

Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa Coastal Union, Wagosi wa Kaya, mpaka kwenye mifupa. Mwaka 1988, mwaka uleule wabunge wa huko walipokuwa wakisimamisha saa, Coastal walikuwa wanaelekea kwenye ubingwa wa Tanzania Bara, na mume wangu akauza baiskeli ili aifuate timu Dar es Salaam. Aliuza baiskeli yake. Yake. Alitembea kwa miguu kwenda kazini mwaka mzima na sikumsikia akilalamika. Cherehani yangu ilikuwa palepale dirishani, ingepata bei nzuri kuliko ile baiskeli, hakuigusa. Ubingwa ule mpaka leo hatujauona tena. Mwaka 2016 timu zote tatu za Tanga, Coastal, African Sports na Mgambo, zilishuka daraja kwa pamoja. Mji ulinyamaza. Yeye alikwenda barazani siku tatu mfululizo, akanywa kahawa na wenzake, wakagombana, wakawalaani viongozi wote, wakamaliza. Akifika mlangoni pangu anabisha hodi na mfuko wa samaki mkononi. Huzuni ile niliijua, niliiona machoni mwake, lakini watoto hawakuwahi kuilipia.

Wewe huzuni yako inalipiwa na nani? Inalipiwa na binti yako. "Jambo lake shuleni." Jambo gani? Ungelijua ungeliandika, maana tarehe ya mechi umeiandika mpaka siku. Jioni ile mlipiga kelele na timu yenu ikashinda, kijana wangu ameniambia. Mzee hakuuza. Na mtoto aliangalia viti vya wazazi akaona kimoja kitupu. Mkeo alikuwa kwenye kile kingine, sina haja ya kuuliza.

Ndoa za siku hizi nazionea huruma kwa jambo hili moja. Zamani mwanamume akiwa na ushabiki wake, ushabiki ulikuwa na mahali pake: baraza, kijiwe, redio ya jirani. Aliuacha kule kama mtu anavyoacha viatu mlangoni. Sasa umeingia ndani, uko kwenye ukuta wa sebule, uko kwenye simu, unalala naye kitandani. Huko kwenu ni mechi 162, karibu kila siku kuanzia Machi mpaka Septemba. Miezi sita mke anakaa na mume aliye hapo na hayupo. Na wanawake nao wana yao, tamthilia na makundi ya simu, siwatetei. Wapo wanaoijua familia ya kwenye runinga kuliko ya mawifi zao. Lakini leo barua ni yako. Wazee walisema mke ni nguo, mgomba kupalilia. Umepalilia mgomba wa Reinsdorf miaka ishirini. Wa kwako umeota magugu, halafu unaniuliza kwa nini hauzai.

Uliandika kwamba zamani mlikwenda uwanjani pamoja. Kwa hiyo mwanamke huyu hachukii besiboli. Alikaa kwenye viti vile kwenye upepo wa Chicago kwa ajili yako. Aliacha lini? Sidhani aliacha kwa sababu ya vipigo. Nadhani aliacha ulipoanza kurudi navyo nyumbani.

Unalalamika kwamba mzee huyo anawafanyia anavyotaka kwa sababu anajua hamwondoki. Atawapa timu mbovu, na bado mtalipa. Umeliona hilo vizuri sana kwa mwenye timu. Kwa mkeo je? Unampa kisogo, unampa hasira, unachukua akiba ya nauli yake, na hukuogopa hata kidogo, kwa sababu ulijua hatakwenda popote. Yule mzee angalau alitishia Florida akapewa uwanja. Mkeo hajatishia chochote. Ameficha rimoti tu. Mtu mwenye hasira zake zote amekuachia kila kitu akaficha rimoti, nawe unaandika kurasa nne kwamba amekugeuka.

Halafu hili la kumrudisha kwao "akapumzike". Wewe ni mtu wa Pangani, unajua maana yake. Mwanamke akirudi kwao peke yake na masanduku, mtaa mzima unajua ameachwa kabla hajafika mlangoni. Kwa hiyo nauli ya kumrudisha unayo, ya kumpeleka kwa wagonjwa wake hukuwa nayo? Naomba neno hilo lisitoke tena kinywani mwako, na kama ulishamwambia, kaombe radhi leo, na ulitaje kosa lenyewe kwa jina. "Nisamehe kama nimekukosea" si radhi. Sema: nilichukua nauli yako.

Hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi. Unamlaani mzee wa watu asubuhi, jioni unampelekea pesa za msimu mzima kabla hata mechi moja haijachezwa. Kwake yeye mshabiki mwenye hasira anayelipa na mwenye furaha anayelipa ni sawasawa. Kijana wangu ameniambia mwaka 2025 ulitangazwa mpango wa tajiri mwingine, Justin Ishbia, kuja kuichukua timu, lakini mapema kabisa ni 2029, na kama mzee hataki basi ni baada ya 2034. Utakaa umekasirika mpaka lini? Binti yako atakuwa na miaka mingapi?

Fanya hivi. Mmekuwa mkimwambia mzee auze timu. Wewe uza tiketi. Najua tiketi za msimu huuzwa kwa wengine moja moja au zote kwa pamoja, na kabla ya Machi bado zina wanunuzi. Zikipata pungufu, pungufu jaza kwa jasho lako, chukua zamu za ziada, uza na hiyo runinga kubwa kama ipo. Usimguse mwenzio hata senti. Pesa zikitimia mpe mkononi, zote, na uondoke chumbani. Usimsimamie akizihesabu, usingoje asante.

Lakini kabla ya pesa kuna simu. Kesho akijifungia saa kumi na mbili, bisha hodi, uombe kusalimia. Ongea na shemeji yako. Muulize mgonjwa amelalaje. Kama mgonjwa yuko macho na anaweza kushika simu, mwamkie. Usizungumzie timu, usijieleze. Salimia, sikiliza, pole, basi. Halafu umwulize binti yako lile jambo la Septemba 2024 lilikuwa nini. Watoto wanakumbuka. Atakwambia, na utasikia vibaya, na utatulia usikie vibaya hivyohivyo.

Sikukatazi timu. Isikilize redioni ukiwa unaosha vyombo, mechi zipo nyingi na vyombo vipo vingi. Pengine ipo siku mkeo atapita akauliza nani anaongoza. Asipouliza, vumilia.

Mkipata tarehe ya safari niandikie. Na barua hiyo ianze kwa jina lake. Sitalichapa.